Msimbo wa sikio la nje (H60): madai yanarudi, nyinyi mnatia nini?

Bi_Masijala

Assalam aleikum jamani.

Nipo masijala ya spitali ya binafsi hapa Pemba. Kazi yangu kusoma kadi ya mgonjwa wa nje, kuangalia tabibu kaandika ugonjwa gani, kuutilia msimbo wa ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, kisha kupeleka madai bima. Tangu tufungiwe programu mpya kwenye kompyuta, madai ya masikio yanarudi kwa mafungu. Malaria inapita, presha inapita, masikio ndiyo yanayogoma. Wanaandika moja kati ya mawili: "msimbo hautambuliki" au "dawa hailingani na ugonjwa". Mengine yanabeba yote mawili.

Kadi moja hii hapa, jina na namba nimeondoa:

"Mwanamme, miaka 19, mvuvi. Sikio la kushoto linawasha na kuuma, wiki moja sasa. OE kushoto. Sikio limesafishwa. Matone ya klotrimazoli, panadoli."

Hayo tu. Ukiandika OE, yaani otitisi eksterna, ugonjwa wa sikio la nje, kwenye programu inakuletea orodha ndefu, na iliyokaribia ni ile ya sikio la muogeleaji, upande wa kushoto: H60.332. Ndiyo iliyokwenda, na ndiyo iliyorudi na sababu zote mbili. Meneja anauliza fedha ziko wapi. Wenzangu wa Unguja na wa bara mnaofanya kazi hii, nyinyi mnatia nini?

Mkarafuu

Bima akitaka kulipa atalipa hata ukiandika "sikio" peke yake. Asipotaka, muandikie mpaka sikio la tembo.

Mtakwimu_Ngambo

Waaleikum salaam Bi Masijala. Mkarafuu tuachie kidogo, hapa pana jambo.

H60.332 ni msimbo wa kweli ila si wetu, ni wa Marekani. ICD-10 ya asili ni ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyopitishwa na mkutano wao mkuu mwaka 1990. Wamarekani wakaichukua, wakaipanua kwa mambo yao ya bima, wakaiita ICD-10-CM, na hospitali zao zikaanza kuitumia tarehe 1 Oktoba 2015. Kwao msimbo unaweza kufika herufi na tarakimu 7, na kwenye masikio wanataka waambiwe ni kulia, kushoto au yote mawili. Hapo kwako ile 3 ya pili baada ya nukta ni sikio la muogeleaji, na 2 ya mwisho ni kushoto. ICD-10 ya WHO haina upande. Msimbo wa sikio la nje unaishia kwenye tarakimu moja baada ya nukta: H60.3, basi. Sikio la muogeleaji limo humohumo ndani ya H60.3 pamoja na uambukizi mwengine wa tundu zima la sikio.

Sasa utaona kwa nini malaria yako haina kesi. Malaria ambayo haikutajwa aina ni B54 kwa WHO na ni B54 kwa Mmarekani. Presha ya kawaida ni I10 huku na kule. Matoleo mawili yakifanana, mtu wa bima haoni kitu. Yakiachana, na kwenye masikio yanaachana kweli, kompyuta yao inatema. Aliyekufungieni programu kachota orodha ya Kimarekani, maana ukitafuta misimbo kwenye intaneti tisa kati ya kumi utakazokutana nazo ni hizo. Orodha ya WHO ipo wazi kwenye tovuti yao, bure, toleo la 2019. Mwambieni aibadilishe.

Kundi lenyewe la H60 si kubwa, ukilizoea hutafungua tena kitabu. H60.0 ni jipu la sikio la nje. H60.1 ni uvimbe wa uambukizi uliosambaa kwenye ngozi ya sikio. H60.2 ni ile kali inayokula hadi mfupa, nitamuachia daktari aieleze. H60.3 nimeshaitaja. H60.4 ni kolesteatoma ya sikio la nje, yaani mrundikano wa ngozi iliyokufa, huioni mara nyingi. H60.5 ni sikio lililovimba ghafla bila ya kijidudu: jua, kemikali, mzio, ukurutu. H60.8 ni mengineyo, pamoja na ile sugu. H60.9 ni pale ambapo aliyeandika hakusema chochote zaidi ya "otitisi eksterna".

Na hapo kwenye hiyo ya mwisho ndipo kadi yako ilipo. OE kushoto, bila ya neno jengine, ni H60.9. Uogeleaji umetoka wapi? Tabibu hakuandika. Kuwa kijana ni mvuvi hakutoshi.

Sababu ya pili, ya dawa kutolingana, ni kesi nyengine. Klotrimazoli ni dawa ya fangasi, na H60.3 si mahali pa fangasi. Sikio lenye fangasi halikai H60 hata kidogo.

Bi_Masijala

Subhanallah. Kwa hiyo hata nikiikata ibaki H60.3, bado watasema dawa hailingani?

Mtakwimu_Ngambo

Bado. Na wana haki.

Tabibu_wa_Shamba

Nimesoma nikaona bora niseme, maana hapa naona mwisho wa maneno mzigo utashushwa kwetu.

Mimi ni tabibu kituo cha shamba, Unguja. Asubuhi benchi limejaa mpaka nje chini ya muembe. Mama na mtoto mwenye homa, mzee na presha, mjamzito, kijana na sikio. Otoskopu, kile kifaa cha kumulikia ndani ya sikio, ipo, betri hazipo. Zikiwepo, ile mipira ya kuingiza sikioni ni michache na inataka kuoshwa kila mgonjwa. Sikio nalimulika kwa tochi ya simu. Naona usaha, naona uvimbe, mgonjwa anaruka nikimgusa. Naandika OE, natoa dawa, namuita mwengine. Mgonjwa akipona, nani kaathirika? Msimbo ni kazi ya masijala. Wao ndio waliosomea.

Bi_Masijala

Dokta, kwa heshima zote. Mie sikio la mgonjwa silioni. Naiona karatasi yako. Na nikuambie na hili: kuna tabibu kwetu hapa, E yake na M yake huzijui ipi ni ipi. OE au OM? Moja ni sikio la nje, moja ni sikio la kati, H60 na H66, dawa mbalimbali, bei mbalimbali. Nimesimama mara ngapi mlangoni kwake nangojea amalize mgonjwa ili nimuulize mstari mmoja.

Mkarafuu

Haya, imeshakuwa kesi ya masijala na chumba cha daktari. Nakaa barazani na kahawa yangu.

Pua_Koo_Masikio

Kahawa baadae Mkarafuu, sogea usikilize, huenda na wewe una sikio.

Nafanya kazi kliniki ya masikio, pua na koo. Tabibu wa Shamba ana hoja kwenye foleni na vifaa, sina la kumpinga. Ila kwamba mgonjwa akipona hakuna aliyeathirika, hapo tunaachana. Wengi wanaokuja kwangu na sikio la fangasi wametoka kutumia matone ya antibaiotiki wiki kadhaa. Bakteria waliokuwa wanazuia wamekufa, unyevu upo, joto lipo, fangasi wanajipatia shamba. Kila walipokwenda waliandikiwa OE, na kila aliyeisoma ile OE akatoa matone yaleyale. Lingeandikwa neno moja la ziada, wa pili asingefuata njia ya wa kwanza.

Sikio la nje ni kuanzia ile nyama inayoonekana mpaka kwenye ngoma, kwa upande wake wa nje. Njia rahisi ya kulijua, hata bila otoskopu: bonyeza kile kinyama kidogo kilichochomoza mbele ya tundu, au vuta sikio juu na nyuma. Mgonjwa wa sikio la nje atakupiga kofi. Mgonjwa wa sikio la kati mara nyingi hatikisiki, yeye maumivu yake yapo ndani zaidi, na pengine alianza na mafua. Hiyo si sheria ya Mungu, lakini inakusogeza.

Baada ya hapo tazama uchafu wenyewe. Bakteria, na hapa wakubwa ni Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus, huleta maumivu makali, tundu linavimba mpaka linakaribia kuziba, usaha wa kijani au wa njano. Fangasi huwasha kuliko kuuma. Ukimulika unaona ukungu, mweupe au kijivu, na ndani yake vitone vyeusi ikiwa ni Aspergillus niger. Candida ni mweupe mzito. Mvuvi wa Bi Masijala, kwa kuwasha kwake na kwa dawa aliyopewa, nadhani tabibu aliona fangasi waziwazi. Aliona, akatibu sawasawa, hakuandika. Jicho halikuwa na tatizo, kalamu ndiyo iliyochoka.

Kuna moja nyengine ambayo naomba kila tabibu anayesoma hapa asiiache ipite. Mzee mwenye kisukari, sikio linauma usiku hadi hapati usingizi, matone ya wiki nzima hayajasaidia, na ndani ya tundu kuna kinyama chekundu kimeota. Hiyo iwazieni H60.2. Daktari Chandler aliieleza mwaka 1968 na akaipa jina la kutisha, "malignant", ambalo watu wakilisoma wanadhani ni saratani. Si saratani, saratani zipo kwenye herufi C. Ni uambukizi, aghlabu wa Pseudomonas, unaotoka kwenye ngozi ya tundu ukaingia kwenye mfupa wa chini ya fuvu, na unaweza kugusa mshipa wa fahamu wa uso, mgonjwa akapinda mdomo. Matone hayatoshi. Huyo si wa kituo, huyo apelekwe spitali kuu ya Mnazi Mmoja, na kwenye kadi aandikwe na kisukari chake, ambacho nacho kina msimbo wake. Akipelekwa na karatasi inayosema "OE" tu, mpokeaji atamweka foleni ya kawaida.

Mama_Wawili

Samahanini wakubwa, mie si wa spitali, nimeingia kwa sababu ya mwanangu. Ana miaka 11, likizo ya skuli yote yuko Forodhani anachupa ukutani na wenzake. Sasa sikio linamuuma, ukimgusa analia. Bibi yake kamtia mafuta ya nazi ya moto kidogo. Kuna ubaya?

Pua_Koo_Masikio

Mama, usimtie kitu chochote mpaka atazamwe, hata hayo mafuta. Kama ngoma ya sikio imetoboka, kitu kitapita mpaka ndani. Na tukitia otoskopu tunakuta mafuta yametanda, hatuoni. Maji asiingie kwa siku kama kumi hivi. Akikoga mtie pamba uliyoipaka vaselini kwenye mdomo wa sikio, ukimaliza uitoe. Vile vijiti vya pamba vitupe kabisa. Nta ya sikio ina uchachu unaozuia vijidudu. Bahari inaiosha, kijiti kinakwangua ngozi, na Zanzibar joto na unyevu tunavyo mwaka mzima. Hapo sikio limeshafunguliwa mlango.

Mpeleke akatazamwe leo au kesho. Akiwa na homa, au nyuma ya sikio pamevimba mpaka sikio limesimama, usingoje kesho.

Mama_Wawili

Ahsante dokta. Bibi yake nimemsomea, kanuna.

Mtakwimu_Ngambo

Tabibu wa Shamba, rafiki yangu, sikupingi kuhusu foleni. Lakini hebu turudi kwa yule kijana mvuvi, nikuonyeshe neno moja la kalamu yako linavyobadilisha kila kitu huku kwetu.

Ungeandika "OE ya fangasi, kushoto", masijala angekwenda kwenye B36.9 na H62.2. ICD-10 ya WHO ina utaratibu wa misimbo miwili kwa ugonjwa mmoja: ule wa chanzo una alama ya msalaba, †, na ule wa mahali ulipojitokeza una nyota, *. B36.9† ni fangasi wa juu ya ngozi wasiotajwa aina, H62.2* ni sikio la nje kuugua kwa sababu ya fangasi. Wa msalaba unatangulia. Wa nyota haukai peke yake hata siku moja, na nimeona madai mengi yakirudi kwa sababu mtu kaandika H62.2 tupu. Kama maabara imesema Candida, wa mbele unakuwa B37.2, ikisema Aspergillus, B44.8. Wa nyuma unabaki uleule. Mkanda wa jeshi ukitokea sikioni, ni B02.8 mbele na H62.1 nyuma.

Ungeandika "sikio limevimba baada ya kupaka rangi ya nywele", na wakati wa harusi wagonjwa hawa wapo, piko na rangi za unga zinawachoma wengi, tungetia H60.5 na bima wangeelewa kwa nini umetoa dawa ya mzio badala ya antibaiotiki. Ungeandika "nta imeziba", ingekuwa H61.2. Mtoto kaingiza punje ya mahindi, T16. Hata "sikio linauma, sababu bado" ina mahali pake, H92.0, na "linatoka usaha, sababu bado" ni H92.1. Kuandika usichokijua kuwa hukijui ni uandishi mzuri vilevile.

Halafu ile 8 na 9 za mwisho, maana naona vijana wanazichanganya. Tisa: tabibu hakusema. Nane: tabibu kasema, lakini alichosema hakina nyumba yake kwenye orodha. OE iliyokaa miezi, kaandika "sugu", ni H60.8. Ukiitia 9 umeifuta kazi yake.

Tabibu_wa_Shamba

Na nikitia alama ya kuuliza? "?OE". Hiyo ndiyo ninayoandika zaidi, nikiwa sina hakika.

Mtakwimu_Ngambo

Hapo napo Mmarekani na WHO hawaelewani. Kwa Mmarekani, mgonjwa wa nje mwenye "?OE" hatiwi OE, anatiwa dalili yake, yaani maumivu ya sikio. Kwa WHO, mgonjwa akimaliza matibabu na bado kilichobaki kwenye karatasi ni shaka tu, bila ya maelezo mengine, unatia kana kwamba ugonjwa umethibitika. Sisi tunafuata WHO. Kwa hiyo "?OE" yako itaingia H60.9 na takwimu itakuhesabia kama OE kamili. Kama hutaki hivyo, andika dalili.

Mkarafuu

Sasa mie niwape dawa ya haraka, kahawa imeisha. Bi Masijala, tazama dawa iliyotolewa, chagua msimbo unaofanana nayo. Klotrimazoli? Tia fangasi. Siprofloksasini? Tia bakteria. Bima wanalipa, meneja anacheka, tabibu hasumbuliwi. Kwani nani anafukua kadi?

Bi_Masijala

Nani anafukua? Wanakuja. Wanakaa kwenye meza yangu, wanaomba kadi, wanaweka fomu pembeni, mstari kwa mstari. Fomu inasema fangasi, kadi inasema OE. Jina lililo chini ya fomu ni langu, Mkarafuu, si lako.

Mtakwimu_Ngambo

Na hata wasingekuja. Klotrimazoli inatolewa pia pale ambapo dawa nyengine imekwisha kwenye kabati, na siprofloksasini inatolewa kwa mazoea. Ukiusoma ugonjwa kupitia dawa, mwisho wa mwaka takwimu inakuambia dawa gani ilikuwepo bohari, haikuambii watu wanaumwa nini. Takwimu zetu za vituo zinapanda kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na huko juu mtu anaangalia masikio mangapi, wapi, miezi gani, anaamua matone gani yaagizwe. Kwa orodha iliyojaa H60.9 anaamua kwa kubahatisha. Kwa orodha iliyobuniwa anaamua vibaya huku ana hakika, na hiyo mie naiogopa zaidi.

Njia ni moja: kadi irudi kwa tabibu. Bi Masijala usiandike wewe juu ya kadi. Muulize bila ya kumtilia jibu mdomoni. Usimuulize "ni fangasi, siyo?". Muulize "uliona nini ndani ya sikio?". Yeye aongeze mstari, atie tarehe ya siku anayoongeza, si ya siku aliyomuona mgonjwa, aweke saini. Ndipo msimbo ubadilike.

Tabibu_wa_Shamba

Hilo la kuulizwa nilichokiona nalikubali. Huwa naulizwa "dokta tuandike nini hapa tulipwe", na ndiyo inayonipandisha presha, I10.

Sasa tukubaliane kwa kiwango cha benchi langu. Mstari mmoja, si insha. Nyie wawili, Mtakwimu na dokta wa masikio, mnataka maneno mangapi kutoka kwangu?

Pua_Koo_Masikio

Manne, dokta, na yote unayo kichwani ukishamulika. Nje au kati. Bakteria, fangasi au mzio. Mpya au sugu. Mimi nikishavuka miezi mitatu naita sugu. Ngoma nzima, imetoboka, au haikuonekana. Hilo la mwisho halina nafasi kwenye H60, lakini usiliache, kwa sababu antibaiotiki za gentamisini na neomisini hazitakiwi kupita kwenye ngoma iliyotoboka, zinaweza kuua usikivu. Upande pia andika. ICD-10 hauutaki, mgonjwa anautaka.

Tabibu_wa_Shamba

"OE ya fangasi, mpya, kushoto, ngoma haikuonekana." Sekunde ngapi hiyo? Sawa.

Chumvi_ya_Kojani

Nimewasoma tangu juu nikaona sikio la mvuvi mwalifanya la fangasi moja kwa moja. Mie nimekulia Kojani. Nyavu zetu zataka watu majini, mtu azama, apiga maji, awafukuze samaki waingie, tangu asubuhi hadi jua lapanda. Wazamiaji wa majongoo ya bahari ndio kabisa, wao washuka mbali. Kule kwetu mzee wa baharini utamwita mara tatu ndipo ageuke. Mtu apanda juu, damu yamtoka sikioni, aambiwa ni maji yameingia. Hiyo nayo ni OE?

Pua_Koo_Masikio

La, mzee wangu, na umeuliza jambo kubwa. Hiyo ni shinikizo la maji. Mtu akizama, maji yanaisukuma ngoma kwa ndani. Kama hakupata kusawazisha hewa kupitia puani, au ana mafua njia imeziba, ngoma inavutika, inatoka damu, wakati mwengine inapasuka. Maumivu makubwa huanza mita chache tu chini ya maji. Matone ya sikio la nje hayamsaidii, na mengine yanamdhuru. Anatakiwa asizame mpaka ipone, na mafua yakiwepo asizame kabisa. Wazee wasiosikia unaowasema wapimwe usikivu, si wote ni umri.

Ila mtu huyohuyo anaweza kuwa na yote mawili, ngoma iliyopasuka na fangasi kwenye tundu. Ndiyo maana nikasema ngoma iandikwe.

Mtakwimu_Ngambo

Kwa wa masijala: hiyo ni T70.0, madhara ya shinikizo kwenye sikio. Kama fomu yenu ina nafasi ya sababu ya nje, W94 inaingia hapo. Msiitie H72, ambayo ni ngoma iliyotoboka kwa sababu isiyo ya jeraha.

Chumvi_ya_Kojani

Basi hawa wetu wote waandikwa sikio bovu tu. Ahsanteni. Nitawapelekea maneno haya vijana, la mafua hasa, maana wao wakiwa na mafua ndio wasema bahari yafungua pua.

Bi_Masijala

Nimerudi na habari. Ile kadi ya mvuvi nimempelekea tabibu, nikamuuliza kama nilivyoelekezwa. Alisoma, akasema "lilikuwa limejaa ukungu wenye vitone vyeusi", akaongeza mstari, akatia saini. Imekwenda kwa B36.9 na H62.2, imepita. Nyengine mbili tatu zimegonga mwamba kwa sababu muda wa kurudisha madai umekwisha, hizo tumezipoteza.

Fundi wa programu kasema atabadilisha orodha. Hajasema lini. Kwa sasa kila msimbo wa sikio naukata mkia kwa mkono, nabakisha tarakimu moja baada ya nukta. H60.332 inakuwa H60.3, H61.22 inakuwa H61.2. Inakwenda.

Mtakwimu_Ngambo

Alhamdulillah. Lakini kuwa muangalifu na huko kukata mkia Bi Masijala, si kila pahala panakatika. Hiyo ya nta ni salama, H60.5 ni salama. Mmarekani ana H60.6 kwa OE sugu isiyotajwa aina. Kwa WHO H60.6 haipo, utakata na bado itarudi. Sugu peleka H60.8. Fangasi wa sikio yeye anamtia kwenye H62.4, kwa WHO hapo ni pa magonjwa mengine, fangasi wetu yuko H62.2. Na Candida ya sikio kwake ni B37.84, ukiikata inabaki B37.8, ambayo kwa WHO ipo na itapita bila ya kelele, lakini itasema Candida ya mahali pengine. Hiyo ndiyo mbaya, kwa sababu hairudi.

Na fundi akija mwambie aweke WHO 2019, asije akarukia ICD-11 kwa kuwa ni mpya. Ni kweli imeanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na upande umerudi humo kwa misimbo ya nyongeza inayoanza na X, lakini kama bima wenu bado wanasoma ICD-10 mtarudi palepale. Waulizeni kwanza, kwa maandishi.

Bi_Masijala

H60.62 ninazo mezani hapa, nilikuwa nataka kuzikata sasa hivi. Nazigeuza H60.8, ila ngoja kwanza nitazame kadi kama "sugu" kaiandika tabibu au ni programu iliyoichagua.

Mtakwimu_Ngambo

Ewaa. Kama haikuandikwa, ni H60.9 na safari moja ya mlangoni kwa tabibu.